Maswali na majibu: Kumfufua adui aliyekwisha kuzikwa

*Muuaji wa filamu yetu alizikwa mwisho wa sehemu ya kwanza, watu wakaona. Sasa tunataka sehemu ya pili. Anarudije bila sisi kuonekana waongo? (Mbagala)*

Msiseme "kumbe hakufa". Mtazamaji aliyeona jeneza likifukiwa atajiona katapeliwa. Tazameni Jason Lives ya mwaka 1986, sehemu ya sita ya mfululizo wa filamu za kutisha wa Friday the 13th, iliyoongozwa na Tom McLoughlin. Jason, muuaji wa mfululizo huo, aliuawa sehemu ya nne, na filamu hii haikatai: kaburi linafukuliwa, jeneza linafunguliwa, maiti imeoza ina funza. Tommy, ambaye alikuwa bado mtoto alipomuua Jason, anaidunga maiti kwa chuma cha uzio wa makaburi. Radi inapiga kile chuma, maiti inaamka. Yote hayo yanatokea kabla hata jina la filamu halijaonekana. Sababu ni moja na tumeiona wenyewe, haihitaji mzee wa kuja kutusimulia baadaye.

Kisha wekeni mipaka, maana hapa ndipo skripti nyingi zinapofia. Risasi hazimmalizi Jason, ila akirudishwa kwenye ziwa alilozama utotoni, anadhibitiwa. Mzuka usiozuiwa na chochote hautishi, kwa sababu stelingi hana cha kujaribu. Kabla ya skripti andikeni sentensi mbili tu: kilichomfufua, na kinachomzuia.

*Nianzie sehemu ya ngapi ya Friday the 13th? (Sinza)*

Ya nne (1984), kisha ya sita. Ya tano muuaji ni mtu mwingine.

*Tushuti makaburi ya Kinondoni? (Magomeni)*

Kaburi la mtu lisiguswe. Chimbeni lenu kwenye kiwanja mlichoruhusiwa, kibali cha Bodi ya Filamu kikiwa mkononi. Kina cha mita 1 kinatosha, kamera ikilazwa chini. Sehemu zenye mchanga, kama nyingi za Kigamboni, kuta huporomoka, kwa hiyo zikingwe kwa mbao. Mwigizaji asifukiwe kamwe, hata kwa dakika moja. Mkono unaochomoza ardhini upitishwe kwenye tundu la plaiwudi iliyotandazwa udongo wa sentimita 5, mwenyewe akiwa chini yake anapumua vizuri.

*Mvua yetu haionekani kwenye kamera, na radi inatoka picha nusu nyeupe nusu giza. (Tabata)*

Mvua ikimulikwa kutoka mbele hupotea. Taa ikae nyuma ya mvua, juu, ikielekea kamera lakini nje ya picha. Matone yawe makubwa: toboeni bomba la plastiki matundu ya milimita 2, kwani mnyunyizo mwembamba hutoka kama ukungu. Picha nusu inatokana na flashi, ambayo mwanga wake ni mfupi mno. Tumieni taa ya LED, iwashwe na kuzimwa mara mbili tatu bila mpangilio. Nyaya zote ziinuliwe kutoka kwenye maji. Sauti ya radi husafiri kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi, lakini ikipiga kaburini penyewe, mwanga na mshindo viende pamoja.

*Damu yetu inaonekana ya pinki na mvua inaiosha. (Temeke)*

Chemsheni sukari vikombe 2 kwa maji kikombe 1, ipoe, mtie rangi nyekundu ya chakula na kijiko 1 cha chai cha kakao. Kakao ndiyo inayoondoa upinki, lakini ikorogwe kwanza kwa maji ya moto kidogo isifanye madonge. Kwa tukio la mvua damu hiyo haifai. Yeyusheni lipstiki nyekundu iliyokolea ndani ya mafuta ya mgando, hiyo haitiririki. Ijaribuni chini ya taa zilezile mtakazoshutia.