Jibu: Mazoezi ya WhatsApp na wanafunzi wasio na simu

Habari za Bahi, mwalimu mwenzangu. Unasema unatuma mazoezi ya kidato cha pili kwa WhatsApp na wanaojibu ni wale wale wachache. Kwanza waulize mmoja mmoja, pembeni: simu ya nyumbani ni ya nani, inarudi saa ngapi, inachajiwa wapi? Kwangu Chamwino nyingi zilikuwa za baba, zinarudi usiku zimeisha chaji. Wasichana waliumia zaidi, jioni wako kisimani.

Nikaacha kutuma video. Nilipakua masomo ya Kolibri, programu ya kujifunzia, nikiwa mjini, yakaingia kwenye kompyuta ya shule. Yakishapakuliwa husomeka bila bando. Zoezi naandika ubaoni kabla ya kengele, nakusanya siku ya tatu. Na tafadhali, aliyejibu kwa simu usimwongezee alama.