Maji si mchanganyiko

Swali: Mimi ni mwalimu wa Sayansi wilayani Pangani. Nikiwafundisha wanafunzi namna ya kupata chumvi kutoka maji ya bahari, niseme "kutenga mchanganyiko" au "kutenganisha mchanganyiko"? Wenzangu shuleni wamegawanyika.

Jibu: Mwalimu, wenzako wote wana haki, kila mmoja kwa upande wake. Kutenga ni kukiweka kitu kimoja kando, kwa hiyo unatenga chumvi. Kutenganisha ni kuviachanisha vitu vilivyokuwa pamoja, kwa hiyo unatenganisha chumvi na maji, na mchanganyiko wenyewe unatenganishwa. Ukitaka neno la ndani zaidi, lipo: kuchanganua. Funga ina fungua, ziba ina zibua, na changanya ina changanua. Siku hizi tumelihamishia kwenye mashairi na takwimu, lakini kazi yake ya asili ni hiyo yako.

Ila umenitonesha donda, na sitanyamaza.

Juzi mtoto wa jirani aliniletea daftari lake. Kwa mwandiko safi wa kalamu ya risasi alikuwa ameandika: "Maji ni mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni." Pembeni pana tiki nyekundu ya mwalimu. Sentensi hiyo nimekutana nayo madaftarini, nimeisikia redioni, nimeisikia hata kwa watu waliosoma kemia mpaka chuo kikuu, na haijaacha kunikera.

Mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni upo, lakini si maji. Ni gesi mbili ndani ya chupa moja. Chupa hiyo ukiitazama utadhani ni tupu. Hunywi kitu wala hunawi. Ikiguswa na cheche inalipuka, na ndiyo maana hakuna mwalimu mwenye akili anayewaachia watoto wajaribu. Baada ya mlipuko ndipo unapoona umande umetanda upande wa ndani wa kioo. Huo umande ndio maji. Sasa niambieni: kabla ya mlipuko tuite mchanganyiko, na baada ya mlipuko tuite mchanganyiko vilevile? Haidrojeni inawaka, oksijeni inauchochea moto, maji yanauzima. Kitu kimezaliwa upya, nasi tunakiita kwa jina la zamani.

Na wala lugha haikutunyima neno: ni muungano. Sisi Watanzania ndio wa mwisho kustahili kulikosa. Mwezi Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na ile picha ya Mwalimu Nyerere akimimina udongo wa pande mbili kwenye chombo kimoja kila aliyesoma hapa anaijua. Udongo ulichanganywa. Nchi ziliunganishwa. Hakuna aliyesimama kusema "Mchanganyiko wa Tanganyika na Zanzibar". Angesema hivyo, mkutano mzima ungemgeukia. Sikio la kila mtu lilijua kwamba vinavyochanganyika vinakaa pamoja kila kimoja na hali yake, na vinavyoungana vinafanya kitu kimoja chenye jina lake. Bibi yangu, ambaye hakukanyaga darasa la kemia, asingechanganya maneno hayo mawili. Tumeyachanganya sisi wasomi.

Tena kuchanganya hakuna masharti. Tia kijiko kimoja cha sukari kwenye chai, tia vinne, bado ni chai ya sukari. Maji hayakubali uhuru huo. Katika kila gramu 9 za maji safi, gramu 1 ni haidrojeni na 8 ni oksijeni, yawe ya mvua au ya barafu ya Kilimanjaro. Ukiongeza oksijeni mpaka ziwe gramu 16 kwa ile gramu 1, hupati maji yenye oksijeni nyingi. Unapata haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda.

Wanafunzi wako waoneshe kwa sufuria. Kilo moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Yachemsheni yaishe, chumvi itabaki imeganda chini, kama inavyobaki kwenye mashamba ya chumvi baada ya jua kufanya kazi yake. Kisha chemsheni maji safi na mfuniko juu. Matone yatakayodondoka kwenye mfuniko ni maji yaleyale. Yachemsheni kutwa nzima, moto wa jikoni hautazitenganisha gesi zile. Hapo mpaka umeme upitishwe ndani ya maji, na haidrojeni itakayotoka itakuwa na ujazo mara mbili ya oksijeni.

Na tafadhali msiseme "kuchuja chumvi." Chujio linazuia majani ya chai, sukari inapita pamoja na chai. Chumvi ikishayeyuka inapita vilevile. Kinachofanyika pale ni kuyavukiza maji. Mchanga ndio unachujwa, pumba zinapepetwa, unga unachekechwa, malai yanaenguliwa. Lugha yenye vitenzi hivi vyote isifanywe kuwa na "kutenganisha" peke yake.

Mtaniuliza kuhusu neno kampaundi, jina la vitabuni la kitu kilichoungana hivyo. Silipendi sana, Nairobi watoto wakisikia kompaundi wanafikiria ua wa nyumba. Lakini limeshaingia vitabuni na nalivumilia, maana halimdanganyi mtu. Anayesema "maji ni kampaundi ya haidrojeni na oksijeni" amesema kweli. Anayesema "muungano wa kikemia" amesema kweli kwa Kiswahili kitamu zaidi. Anayesema mchanganyiko amekosea kemia na amekosea Kiswahili kwa neno moja, na huyo sina uvumilivu naye.

Yule mtoto nilimwambia afute "mchanganyiko" aandike "muungano". Aliitazama ile tiki nyekundu, akaniuliza kama mwalimu hatamkata alama. Jumatatu asubuhi naongozana naye shuleni.