Muulize Bibi Santuri: Besi mmoja, Fidelio tatu

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, nimechukua tatu. Kwa wale wanaoendelea kuulizia bei ya gramafoni yangu: haiuzwi, na kuazimisha siazimishi.

SWALI

Shikamoo Bibi. Naimba sauti ya nne kwenye kwaya yetu hapa Nyakato, Mwanza. Mwalimu anataka kutufundisha wimbo wa wafungwa wa Beethoven, ule wa kwenye opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Fidelio, na ametuagiza kila mtu akausikilize kwanza. Nimetafuta nikapata rekodi tatu: ya 1953, ya 1957 na ya 1962. Cha ajabu, zote tatu anayeimba mlinzi wa gereza ni mtu mmoja, anaitwa Gottlob Frick. Bando langu haliwezi kubeba zote. Nichukue ipi? Mwenzangu wa tena, yaani sauti ya tatu, anasema wimbo ni uleule, nichukue yoyote.
*Besi wa Nyakato*

JIBU

Marahaba mjukuu wangu. Huyo mwenzako wa tena mwambie sato wa kukaanga na sato wa kuchemsha naye ni samaki yuleyule, ila sijawahi kumwona mtu pale sokoni Mwaloni anakaa mezani akasema "leteni yoyote".

Tuanze na kisa, usije ukaimba usichokijua. Florestan amefungwa kwa siri na adui yake Pizarro, gavana wa gereza moja karibu na Seville, Hispania. Mkewe, Leonore, anavaa nguo za kiume, anajiita Fidelio, anaomba kazi kwa mlinzi wa gereza. Mlinzi huyo, Rocco, ndiye besi wako. Rocco si mtu mbaya, ni mtu wa mshahara. Ana binti wa kuoza, fedha anaipenda mpaka anaiimbia, na bosi akimtaka amuue mfungwa anakataa. Akiambiwa basi achimbe kaburi, na mfungwa mwenyewe bado anapumua, anachukua jembe. Kila ofisi niliyopita ina Rocco wake.

Sasa hizo rekodi. Ya 1953 iliongozwa na Wilhelm Furtwängler kule Vienna, mwaka mmoja hivi kabla hajafariki. Leonore ni Martha Mödl, Florestan ni Wolfgang Windgassen. Ya 1957 ni ya Munich, chini ya Mhungaria Ferenc Fricsay, na humo Leonore ni Leonie Rysanek, Florestan ni Ernst Haefliger. Ya 1962 ilirekodiwa London na okestra ya Philharmonia, mzee Otto Klemperer akiongoza, Leonore akiwa Christa Ludwig na Florestan akiwa Jon Vickers, Mkanada.

Hii ya mwisho ninayo kwenye santuri, na hapo lazima nikiri kosa. Padri mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao aliniachia sanduku lake, mimi nikiwa mwalimu kijana bado. Siku ya pili tu niliisahau santuri moja dirishani, na sisi wa Igogo tunaoishi katikati ya mawe unajua jua letu linavyopika. Ikajikunja ukingo. Tangu siku hiyo sindano ikifika pale inapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi ya Juni, na bahati mbaya ni palepale kwenye wimbo wako. Wafungwa wangu hutoka gerezani wamelewa.

Kwa hiyo nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi kuliko kawaida, kwanza kwa hasira, baadaye kwa mazoea, na siku hizi kwa simu ya mjukuu ambayo haijajikunja. Usisikilize opera nzima kwa kulinganisha, utachoka na usikumbuke kitu. Chukua mahali pamoja. Wafungwa wanatolewa nje kidogo kuota jua. Wanaanza chini sana, sauti zinaingia taratibu: "O welche Lust, in freier Luft", yaani furaha iliyoje kuvuta pumzi kwenye hewa huru. Sauti zinapanda mpaka zinajaa. Mfungwa mmoja wa sauti ya tena anaimba peke yake habari ya kumtumaini Mungu. Halafu anaingia mfungwa wa pili, na huyo ni besi, kijana wangu, huyo ni wewe: "Sprecht leise!" Semeni kwa sauti ya chini, jizuieni, kuna macho na masikio juu yetu. Na kwaya nzima inashusha sauti kwa hofu.

Furtwängler hapo anauachia mwendo uvutike na kulegea, kama mtu anayepumua usingizini. Unasikia uzuri mpaka unasahau kwamba hawa ni wafungwa. Fricsay anakaza, maneno yanatoka safi, wimbo hauna mafuta hata kidogo. Klemperer hana haraka na mtu. Anaweka jiwe juu ya jiwe, kama yalivyo mawe yetu hapa, na ukiangalia unashangaa kwa nini halianguki.

Lakini sababu yangu ya kukupa ya 1962 siyo Klemperer, ni kwaya. Vienna na Munich wanaoimba ni kwaya za opera, watu ambao kuimba ndiyo ajira yao, na Kijerumani ni lugha ya nyumbani. Kwaya ya Philharmonia ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, ni ya Waingereza, wengi wao watu wenye kazi zao za mchana waliokuwa wakija mazoezini jioni kama wewe. Aliyewafundisha ni Wilhelm Pitz, Mjerumani, mwalimu wa kwaya ya tamasha la Bayreuth. Hao Kijerumani walijifunza. Sikiliza wanavyomalizia "Lust" na "Luft". Moja ina s, nyingine ina f, zote zinafungwa na t kavu, wote kwa wakati mmoja. Sisi Waswahili ulimi wetu unatafuta irabu ya kupumzikia, tunaimba "Lusti, Lufti". Nimefundisha kwaya miaka mingi na hiyo "i" nimeipiga vita kuliko noti zote. Waingereza wale walikuwa na makosa yao mengine ya kuzaliwa nayo, Pitz akayatoa. Basi na yenu yatatoka.

Kuhusu Frick. Alizaliwa 1906, kwa hiyo Vienna alikuwa na miaka 47, London 55. Sauti ya Vienna ni nyeusi, na nzito kama mafuta ya mawese yaliyoganda. Lakini Furtwängler aliondoa mazungumzo ya kusema, akabakiza ya kuimba, na Rocco bila maneno yake ya kawaida anakuwa besi mzuri tu. Kwa Klemperer anaongea. Kuna mahali wanashuka shimoni kuchimba kaburi, Leonore anasema kwa sauti ya nusu jinsi baridi ilivyo kali humu chini. Rocco anajibu: "Das ist natürlich, es ist ja tief." Kawaida hiyo, si ni kina kirefu. Basi. Frick anaisema kama mama wa Kirumba anayemwambia mteja dagaa wamepanda. Mimi kila nikisikia jibu hilo mwili unanisisimka, na ni maneno saba tu.

Kisha wanachimba, na chini ya sauti zao Beethoven ameweka kontrafagoti, lile zumari refu la mbao lenye sauti ya chini kuliko wenzake wote, likinguruma pamoja na mabesi ya nyuzi. Usijaribu kulisikiliza melini. Nilikwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kumwona dada yangu, nikaweka simu sikioni, injini ya meli ikameza kila kitu cha chini. Akabaki Frick anaelea hewani, nikailaumu rekodi mpaka tulipotia nanga.

Na kabla hujanunua bando, niambie ukweli: hedfoni zako zinasikika pande zote mbili? Nauliza kwa sababu za vijana wote ninaowajua upande mmoja umekufa. Rekodi za 1957 na 1962 ni sterio, vyombo na watu wamegawanywa kushoto na kulia. Ukiwa na sikio moja zima, mtu akikaa upande uliokufa unamsikia kwa mbali. Ya 1953 ni mono, sauti yote iko kila upande, hupotezi kitu. Kwa hiyo pande mbili, chukua Klemperer, mwisho wa tendo la kwanza na mwanzo wa la pili. Upande mmoja, chukua Furtwängler na usione haya. Ya Fricsay mwachie yule wa tena, ajinunulie bando lake.

SWALI

Mwangaluka mayu. Nina rekodi ya mtunzi Wagner, tendo la kwanza la opera ya Die Walküre, ya 1935, Bruno Walter akiongoza, Lotte Lehmann na Lauritz Melchior wakiimba. Naipenda sana. Mume wangu anasema ni mikwaruzo tu, nitafute ya kisasa. Nani ana haki?
*Mama wa Nyegezi*

JIBU

Mwangaluka. Wewe.

Mikwaruzo ile ni ya sahani, waimbaji hawana hatia. Vienna 1935 walikuwa na maikrofoni nzuri tu. Tatizo ni kwamba santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulibeba dakika nne au tano, wakati tendo lile linapita saa moja. Maana yake waliimba kipande, wakasimama, sahani ikabadilishwa, wakaanza tena pale walipoachia. Mwambie baba watoto akae asikilize, akuoneshe ni wapi walisimama. Mimi nimeshindwa. Lehmann anaimba kama mtu aliyekuwa akimngoja mgeni mlangoni miaka mingi, na Melchior, Mdenmark yule, ana sauti ambayo waliokuja baada yake wanaifikia kwa kupiga kelele, yeye anaifikia kwa kufungua mdomo.

Sehemu za tendo la pili walizirekodi palepale. Zilizobaki zikaja kumaliziwa Berlin 1938 na mwongozaji mwingine, maana Walter alikuwa Myahudi na mwaka huo Hitler alikuwa ameshaichukua Austria. Ndiyo sababu ukitafuta opera nzima ya Walter huipati.

Na hapo kwenu Nyegezi mvua ikipiga bati, mume wako huacha kuongea na wewe? Si anasogea karibu?

SWALI

Bibi, nimesikia kuna opera ya Wagner wanapiga fuawe kumi na nane za mhunzi. Ni kweli au wananitania kwa sababu ya kazi yangu?
*Fundi, Makoroboi*

JIBU

Ni kweli, fundi. Ni Das Rheingold, pale miungu wanaposhuka chini ya ardhi kwenye karakana ya vibete wanaofua dhahabu. Wagner aliandika fuawe 18 za ukubwa tofauti, zikipigwa kwa mpangilio, okestra ikinyamaza. Majumba mengi ya opera hupunguza. Aliyekataa kupunguza ni John Culshaw, aliyesimamia rekodi ya Georg Solti kule Vienna 1958, kwenye ukumbi wa Sofiensaal, ambao zamani ulijengwa kuwa nyumba ya kuogea. Akakodi zote 18 na watu wa kuzipiga.

Isikilize kwa spika kubwa. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikumbuka nilivyokuwa napita Makoroboi na mama yangu, enzi zile mtaa mzima unagonga makopo kutengeneza vibatari, na yeye ananivuta mkono tusichelewe. Rekodi nyingine ninazozijua, ukifika hapo unasikia wapiga ngoma wa okestra wameshika vyuma. Hii unasikia mafundi, na mmoja, yule wa upande wa kulia, naona kama anawahi kidogo. Ukiisikiliza niandikie uniambie kama ni masikio yangu.