Maharage yakigoma kuiva mlimani, usiongeze mkaa

Nilipohamia Njombe kikazi nikitokea Tanga, maharage yalinitesa. Kwetu nilizoea kuyabandika baada ya adhuhuri, na alasiri ikiingia yameshaiva. Huku niliyabandika saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni ukiiminya punje bado ina kiini kigumu. Nikachochea mkaa. Sufuria ikatokota mpaka mfuniko ukawa unarukaruka, maji yakakauka, nikaongeza mengine, nikachochea tena. Niliamini nimeuziwa maharage ya msimu wa zamani, nikabadilisha muuzaji. Mambo yakawa yaleyale.

Jirani yangu, mama mtu mzima, alinikuta nikipepea jiko. Akaniambia, "Mwanangu, maharage ya huku hayalazimishwi kwa moto. Yalowekwe, yafunikwe, halafu uyaache." Hakunieleza sababu, na kwa kweli sababu nilikuwa nayo kichwani tangu sekondari. Niliikariri kwa ajili ya mtihani, basi.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kutosha kuisukuma hewa iliyoyakalia juu. Tanga, pembeni ya bahari, hewa hiyo inagandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, na maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, inakaribia kilopaskali 80, kwa hiyo mvuke hauna kazi kubwa ya kuishinda. Maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 93 hivi. Kwa makadirio ya haraka, kila ukipanda mita 300 toa nyuzi moja.

Na yakishachemka, hapo ndipo yanapoishia. Utie mkaa debe zima, maji yale hayapandi hata nyuzi moja. Moto wote unaoongeza unafanya kazi nyingine: kuyageuza maji kuwa mvuke. Kumbe nilikuwa napika mvuke, siyo maharage.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyonibadilisha. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 inahitaji kama kilojuli 305 kufika nyuzi 93. Kuikausha lita hiyohiyo yote iwe mvuke kunahitaji zaidi ya kilojuli 2,200. Mara saba! Kila lita niliyoiacha ipotelee hewani jikoni ilikula mkaa ambao ungeweza kuchemsha lita saba mpya. Ukiwa na mshahara wa mwanzo na gunia la mkaa linalotakiwa lifike mwisho wa mwezi, hesabu ya namna hii haikuachi ulale.

Kwa hiyo ninavyofanya sasa ni hivi. Maharage yanalala majini usiku kucha; yanakunywa maji karibu sawa na uzito wake, na asubuhi joto halihangaiki kupenya punje kavu. Nayachemsha kwa nguvu kwanza, dakika kumi kamili au zaidi, kwa sababu maharage yasiyochemka sawasawa yanaumiza tumbo. Kisha nafunika vizuri na kupunguza moto mpaka nisikie mchemko mdogo tu. Mchemko mdogo na mchemko wa kishindo una jotoridi ileile. Ukiamini hilo moja, umeokoa mkaa wa mwaka mzima.

Baadaye nilinunua presha kuka, na kwa mtu wa nyanda za juu naitetea kwa moyo wote. Inaurudisha ule uzito wa hewa tulioupoteza kwa kupanda mlima, na kuuzidisha. Mvuke umefungiwa ndani, kanieneo inapanda, na maji yanalazimika kufika nyuzi 110 na zaidi ndipo yachemke. Maharage yaliyolowekwa huiva ndani ya nusu saa. Mfaransa Denis Papin alitengeneza chombo cha namna hii mwaka 1679, na akakiwekea vali ya kuachia mvuke ukizidi. Alijua alichokifungia.

Wewe pia kijue. Mfuniko wangu una kipenyo cha sentimita 22, yaani eneo la sentimita za mraba 380. Kanieneo ya ndani ikiizidi ya nje kwa kilopaskali 80, ule mfuniko unasukumwa kwa zaidi ya nyutoni 3,000. Ni kama kuna magunia matatu ya kilo mia mia yanayotaka kutoka kwa mkupuo mmoja. Usiulazimishe kamwe. Zima moto, subiri mpaka sauti ya mvuke iishe kabisa na mfuniko uzunguke kwa mkono mwepesi. Ukigoma, ujue ndani bado kuna nguvu.

Mimi sikusubiri siku moja. Wageni walikuwa wamekaa mezani, nikainua kile kizito cha juu ya vali ili mvuke utoke haraka, na ukanipata ndani ya kiwiko. Maji ya moto huunguza kwa joto lake tu. Mvuke unapogusa ngozi hugeuka kuwa maji, na kwa kugeuka huko unamwaga lile joto lote ulilolibeba kutoka jikoni. Mahali padogo tu, lakini niliuguza wiki tatu. Ikikutokea, weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini. Siyo dawa ya meno, siyo mafuta.

Jambo lingine ni maganda. Maharage hutoa povu na vigozi vinavyoweza kuziba njia ya mvuke, ndiyo maana chombo changu hakipiti nusu, pamoja na maji. Na kabla ya kufunga, kila mara, hata nikiwa na haraka, nauinua mfuniko kuelekea dirishani na kuchungulia kile kitundu cha vali. Nikiuona mwanga upande wa pili, nafunga.