Msimu Uanzie Dirishani, Uishie Rafuni

MASWALI KWA BI MKUTUBI

*Shikamoo Bi Mkutubi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu na la nne, na mwaka huu nimekabidhiwa ufunguo wa maktaba ya shule. Kila darasa lina kipindi kimoja cha dakika 35 kwa wiki, na mwalimu mkuu anataka shughuli za misimu. Muhula uliopita watoto walichora mawingu na miavuli. Ukuta ukapendeza, lakini daftari la kuazimia vitabu likabaki jeupe. Nimekosea wapi?*
*Mwalimu Mwenye Ufunguo*

Marahaba, mwalimu. Ukuta kupendeza na daftari kubaki jeupe, hayo nayajua kwa jina na kwa sura. Mwaka wangu wa kwanza maktabani niliwapa watoto karatasi wakunje na kukata maua ya theluji, kwa sababu kitabu nilichokuwa nacho kilionyesha hivyo. Nje jua lilikuwa linawaka. Kengele ilipolia sakafu ilijaa vipande vya karatasi, na hakuna aliyegusa rafu. Mtoto mmoja akaniuliza theluji inanukaje. Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo kipindi changu huanzia dirishani, kwa msimu tunaouona, na dakika kumi za mwisho ni za kuchagua vitabu na kuazima. Hizo kumi siziuzi hata kwa mwalimu mkuu. Picha isiyokwisha ikamaliziwe nyumbani.

Chukua mvua. Naandika ubaoni "Dalili ya mvua ni mawingu" na kuuliza: ni kweli? Darasa zima hujibu ndiyo, maana methali haipingwi. Basi tuipime. Kwa wiki mbili, kila siku saa ile ile, wawili wanatoka nje, wanachora wingu wanaloliona na kuandika kama mvua ilinyesha kabla ya jioni. Ndani ya siku tatu ubishi unaanza, kwa sababu mawingu yalikuwepo na mvua haikuja. Hapo ndipo wanapohitaji kitabu, na wanakihitaji kwa hasira, ambayo ndiyo hamu bora kabisa ya kusoma. Kama maktaba yako inafuata mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, methali ziko 398.9 na mawingu na mvua 551.57. Watume wenyewe wakazitafute namba hizo. Watakuta kwamba mawingu membamba ya juu sana, yanayofanana na nyuzi za pamba, huitwa cirrus na mvua yake haifiki chini, na kwamba mvua hutoka zaidi kwenye nimbostratus, yale ya kijivu yaliyotanda, na cumulonimbus, yale yaliyorundikana kama mlima. Waambie pia kwamba aliyeanzisha majina ya namna hiyo mwaka 1802, Luke Howard wa London, kazi yake ilikuwa kutengeneza dawa. Mawingu aliyatazama kwa kupenda tu. Watoto hulishika hilo kuliko majina yenyewe.

Mwaka mmoja mvulana wa darasa la nne alimaliza ubishi akiwa bado amesimama na daftari mkononi: "Bibi, methali imesema dalili. Haikusema ahadi." Siku hiyo aliazima kitabu cha methali, na wenzake wakakipangia foleni.

Kipimo cha mvua kinafaa pia, na hakina gharama. Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kata sehemu ya juu, igeuze iingie ndani kama faneli. Weka changarawe chini isianguke, jaza maji hadi pale ubavu unapoanza kunyooka, na hapo ndipo sifuri. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo darasa la nne wanaweza kukokotoa ni ndoo ngapi zimeanguka uwanjani usiku. Kiweke mbali na paa! Mimi nilikiweka chini ya mchirizi, tukapata mvua ya kutisha. Msichana mdogo ndiye aliyeinua macho, akaona maji yalikotoka.

Jambo moja la lugha, maana wewe ni mwalimu, na hapa ndipo watoto hupotea. Kwetu sisi vuli ni mvua fupi. Ukifungua vitabu vingi vilivyotafsiriwa, vuli ni wakati majani yanapopukutika. Neno moja, picha mbili. Usilipite kimya. Naweka vitabu viwili mezani na kuuliza kwa nini waandishi hawa hawakubaliani. Jibu liko kwenye tufe: Dunia imeinama kwenye mhimili wake kwa takriban nyuzi 23.5, hivyo nusu ya Dunia iliyoinamia jua hupata majira ya joto na ile nyingine ya baridi. Zima taa, washa tochi, tembeza tufe kuizunguka tochi, mwinamo wake ukielekea upande ule ule. Wengi watasema baridi huja tukiwa mbali na jua. Waambie kwamba Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152. Kisha waulize mbona Januari kaskazini kuna theluji. Nyamaza. Usiwasaidie upesi.

Siku za kwenye kalenda, yaani 2 Aprili ya vitabu vya watoto, 23 Aprili ya vitabu, 7 Julai ya Kiswahili na 8 Septemba ya kusoma na kuandika, chagua moja au mbili tu. Ukizishika zote utageuka mpamba kuta tena.

*Bi Mkutubi, kila mvua zikianza vitabu vya rafu ya chini vinanuka ukungu. Nikiwaambia watoto waanike juani, itakuwa shughuli nzuri ya msimu?*
*Mlinzi wa Rafu*

Hapana, mpendwa. Jua kali hupausha rangi na kupinda majalada, na watoto hawapaswi kuvuta vumbi la ukungu, hasa wenye pumu. Vitabu vyenye ukungu vipanguse wewe mwenyewe, nje, kwa brashi laini, ukiwa umefunika pua. Vianikwe kivulini penye upepo, vimesimama, kurasa zimeachana. Vile vya karatasi inayong'aa weka karatasi kavu katikati ya kurasa kabla havijakauka, la sivyo vitagandana na hutavifungua tena.

Kisha sogeza rafu iachane na ukuta kwa upana wa kiganja, na usibane vitabu. Ukungu hupenda hewa iliyotulia yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi. Watoto wape ukaguzi: kila Ijumaa wawili wapite na orodha, wanuse kwa mbali, waguse ukuta wa nyuma, waandike "kavu" au "nyevu". Wangu hugombania zamu hiyo kuliko zamu ya kengele, na kitabu wanachokikuta peke yake kwenye kona mara nyingi ndicho wanachoondoka nacho.