Usimwite msimulizi mwongo upesi

Riwaya moja, sura ya pili, msimulizi anasema siku ya mazishi mvua ilinyesha. Sura ya tisa anakumbuka vumbi. Katika kikundi chetu cha wasomaji hapa Jinja, hapo ndipo ubishi unapowaka: mwandishi kapitiwa, au huyu msimulizi anatudanganya? Ushauri wangu ni kuuliza kwanza nini kilikuwa kinamsibu alipokumbuka vumbi.

Wanasayansi wa ubongo wanatupa sababu. Mwaka 2000, Karim Nader na wenzake walichapisha jaribio ambamo waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani. Baadaye waliwasikilizisha tena mlio ule, kisha wakawatia kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na woga, dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini. Woga ukapungua sana. Panya waliopewa dawa bila kukumbushwa waliendelea kuogopa. Yaani kumbukumbu ikiamshwa hulegea kwa muda, na ubongo hulazimika kuikaza upya.

Kwa wanadamu, hata neno moja linatosha kuichafua. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Walioulizwa mwendo wa magari “yalipopondana” walikuwa wengi zaidi, wiki moja baadaye, kusema waliona vioo vimevunjika kuliko walioulizwa “yalipogongana”. Vioo vilivyovunjika havikuwepo.

Nyumbani kwetu, hadithi ya 1979, askari wa Amin walipokuwa wakikimbia, ina matoleo mawili. Mama husema redio ilifungwa kwenye kitenge ikafukiwa chini ya mfenesi. Mama mdogo huapa ilikuwa ghalani, ndani ya gunia la karanga. Mama ndiye aliyeshika jembe usiku ule. Mama mdogo, mtoto mdogo wakati huo, ndiye aliyekatazwa kabisa kulikaribia ghala. Kila mmoja ameihifadhi redio pale hofu yake ilipokuwa.

Basi usomapo, weka alama ya penseli kila tukio lilelile linaporudi. Ukimaliza kitabu, pitia alama hizo tu, moja baada ya nyingine, uone kilichoongezwa na kilichoachwa. Ila usimpime mhusika kama mgonjwa wa kliniki. Panya wa maabara hana mwandishi. Mhusika anaye, na kila alichosahau kimechaguliwa.