Maswali na Majibu: Mihuri ya Posta za Vitongoji vya Chicago

Safu ya leo inawajibu wasomaji wanaokusanya bahasha za karne ya 19 kutoka posta ndogo zilizokuwa pembezoni mwa mji wa Chicago, Marekani.

Swali: Nimerithi bahasha yenye stempu ya kijani ya senti 3 na muhuri wa duara unaosomeka "HYDE PARK, ILL." Mwezi na siku vimo, lakini mwaka haumo. Je, nitaujuaje, na bahasha hii ina thamani?

Jibu: Mihuri mingi ya wakati huo haikuwa na mwaka, kwa hiyo ushahidi utafutwe kwenye bahasha yenyewe. Stempu ya kijani yenye sura ya George Washington ilianza kutumika mwaka 1870, na nauli ya barua ya kawaida ilishushwa kutoka senti 3 hadi senti 2 tarehe 1 Oktoba 1883. Basi yaelekea sana kwamba barua yako ilisafiri kati ya tarehe hizo mbili. Kisha igeuze bahasha utazame mgongoni, kwa kuwa posta iliyopokea barua mara nyingi iligonga muhuri wake hapo, na huo wa kupokelea huenda ukawa na mwaka ambao muhuri wa posta iliyotuma hauna. Kama jina la duka au kampuni limechapwa kwenye kona, litafute katika vitabu vya anwani vya Chicago vilivyokuwa vikitolewa kila mwaka. Barua ikiwa bado imo ndani, isome kabla ya yote hayo. Watu walikuwa waangalifu kuandika tarehe kamili kuliko makarani wa posta.

Kuhusu thamani, stempu hiyo ilichapishwa kwa wingi mno, na peke yake haina bei ya kuzungumzia. Kinachoibeba bahasha ni jina lililo ndani ya duara. Hyde Park ilianzishwa katika miaka ya 1850 na wakili Paul Cornell kando ya reli ya Illinois Central, ikawa na serikali yake yenyewe hadi Julai 1889, ilipounganishwa na Chicago pamoja na Lake View, Lake na Jefferson. Hata hivyo, Hyde Park ilikuwa na watu wengi na barua nyingi, hivyo usitarajie utajiri. Mimi ningeithamini zaidi ikiwa muhuri umegongwa vizuri, kila herufi inasomeka, na wino wake umevuka ukingo wa stempu ukaingia kwenye karatasi ya bahasha, maana hiyo ni dalili njema kwamba stempu na bahasha vilisafiri pamoja.

Swali: Kwa nini mihuri ya posta hizi ndogo hutofautiana kiasi hiki, hata ndani ya wilaya moja?

Jibu: Kwa sababu Idara ya Posta iligawa mihuri kwa ofisi kubwa, na ofisi ndogo nyingi zilijinunulia kwa watengenezaji binafsi. Ndiyo maana utakuta muhuri wenye jina la wilaya, kama Cook, au hata jina la mkuu wa posta mwenyewe, na mingine ya umbo la pembe nyingi badala ya duara. Mahali pengine hapakuwa na muhuri wowote, na mkuu wa posta, ambaye mara nyingi alikuwa mwenye duka, aliandika jina la mahali na tarehe kwa kalamu ya wino. Stempu yenyewe ilifutwa, yaani iligongwa alama ili isitumike tena, kwa kizibo cha chupa kilichochongwa kwa kisu kikawa nyota, msalaba au vipande kama vya keki; kizibo kililika upesi, kikachongwa kingine, na kwa hiyo alama moja huenda ilidumu majuma machache tu. Wako wanaozidharau bahasha zilizoandikwa kwa mkono kwa kuwa hazipendezi machoni. Kwa maoni yangu wanakosea, kwani baadhi ya posta zilizoishi muda mfupi hazikuacha ushahidi mwingine.

Swali: Muuzaji ananitaka nilipe bei kubwa kwa bahasha kutoka mtaa wa Pullman, ya Julai 1894, akidai ni "barua ya mgomo". Nimwamini?

Jibu: Mgomo ni wa kweli. Wafanyakazi wa kiwanda cha mabehewa cha Pullman waligoma tarehe 11 Mei 1894, chama cha wafanyakazi wa reli kikasusia mabehewa hayo mwishoni mwa Juni, na Rais Cleveland akapeleka wanajeshi, sababu moja iliyotajwa ikiwa ni kuzuiwa kwa treni za posta. Lakini tarehe peke yake haithibitishi kwamba barua hiyo ilicheleweshwa. Linganisha tarehe ya muhuri wa posta iliyotuma na ya muhuri wa kupokelea: tofauti ikiwa ya siku moja au mbili tu, umeonyeshwa bahasha ya kawaida kwa bei ya historia.

Swali: Je, niibandue stempu kwa maji ili niiweke kwenye albamu?

Jibu: Hapana. Ukiibandua utabaki na stempu ya bei ya chini na nusu ya muhuri.

Swali: Nitajuaje posta fulani ilidumu muda gani?

Jibu: Hifadhi ya Taifa ya Marekani inazo daftari za uteuzi wa wakuu wa posta, zilizopangwa kwa jimbo na wilaya, zikionyesha ofisi ilipofunguliwa, ilipobadilishwa jina na ilipofungwa. Zipo pia fomu ambazo mkuu wa posta alieleza umbali wa ofisi yake kutoka mto, reli na posta za jirani. Anza na fomu hizo hasa pale jina la posta lisipolingana na jina la kitongoji, kwa kuwa Idara haikuruhusu ofisi mbili za jimbo moja kuitwa jina moja, na kitongoji kilichochelewa kuomba kililazimika kutafuta jina jingine.